Makadirio ya Maili Kumi na Moja

Kandy, chumba cha nyuma, ofisi ya ramani.
Mvua inagonga bati upesi kuliko kalamu yangu.
Mezani pana reli isiyokuwapo bado:
upana futi mbili na nusu,
kutoka njia kuu hadi bonde la Ambagolla,
maili kumi na moja za chai
ambayo kwa sasa hushuka kwa magari ya ng'ombe
na kufika imeloa, wasema wenye mashamba.

Mhandisi Pettigrew alipita huko mara moja, juu ya farasi,
akachora mstari mwekundu ulionyooka
kama maneno ya mtu asiye na deni.
Waliokwenda kwa miguu ni sisi:
Sinnappan na mnyororo wake wa chuma,
mimi, Vandersmagt, karani, na daftari chini ya koti,
na ruba, wasiohesabiwa, waliotupima damu bila malipo.

Kigingi cha mia mbili na sita kiliangukia jaruba la mpunga.
Dingiri Menika akaja, matope hadi magotini,
hakupiga kelele. Aliuliza tu:
"Tuta likisimama hapa, maji ya mwezi wa kumi yatapita wapi?"
Nikamwambia, chini, kwenye kalvati.
"Pana kiasi gani?"
Nikatanua mikono yote miwili, nikaongeza na kofia:
futi sita.
Akaitazama mikono yangu kwa muda.
"Basi labda," akasema, akarudi kupandikiza.

Haya ndiyo niliyoandika, kwa mwandiko wa shule ya Wadachi:
mataruma elfu ishirini na mbili, rupia moja na nusu kila moja;
reli kutoka ng'ambo, pamoja na nauli ya meli na bima;
kukata mlima, kujaza bonde, kokoto, misumari;
daraja la mawe, matao matatu;
fidia ya miti elfu moja, mifenesi na mipopoo, rupia tano kwa mti.
Jumla: laki tatu na elfu arobaini na mbili.

Colombo wakajibu kwa penseli ya buluu:
*Isizidi laki tatu.*
Hapana salamu, hapana sahihi.

Nikawasha taa mapema.
Nikang'oa paa la stesheni: elfu nne. Abiria wana miavuli.
Nikabomoa kibanda cha mlinzi wa kivuko: elfu tatu.
Daraja la mawe nikaligeuza la mbao, usiku mmoja,
bila fundi wala jasho: elfu ishirini na moja.
Bandu bandu.
Kalvati zote za futi sita nikazifanya tatu: elfu kumi na moja.
Hapo kalamu ilidondosha wino, nikalaumu karatasi.

Zikabaki elfu tatu. Nilizitafuta
kama mtu anayetafuta sarafu gizani,
kwenye misumari, kwenye kokoto, kwenye bima ya meli.
Ng'ambo hawapunguzi.
Mlima haupunguzi.
Basi nikaiendea miti.
Mti mmoja, rupia mbili.
Mfenesi huvusha nyumba nzima miezi ya njaa,
lakini jedwali halina safu ya njaa;
nilitazama mara mbili.

Jumla: laki tatu kamili. Nikapiga mistari miwili chini.

Nyumbani mke wangu Hortensia aliuliza nini kilinichelewesha.
Nilitaka kumwonyesha futi tatu.
Nikainua mikono mbele ya kifua:
mtungi mmoja ungetosha kuziba nafasi ile.
"Unataka nikupe nini?" akauliza,
kwa kuwa nilisimama hivyo, mikono mbele, kama mwombaji.

Wiki iliyopita bahasha ikafika.
Pettigrew amesifu hesabu zangu: safi, za kiume.
Kazi itaanza kiangazi.
Mshahara wangu umepandishwa rupia nne kwa mwezi.

Mifenesi miwili, kwa bei mpya.