Haikutajwa

Kesho saa tatu, Navreet, utaketi Ludhiana,
ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi.
Watakuvua saa. Watachukua simu.
Hata chupa yako ya maji wataibandua karatasi,
isije ikawa umeficha kitenzi humo.

Basi sikiliza, kabla umeme haujakatika.

Sehemu ya kusikiliza husemwa mara moja tu.
Usiingoje sauti; itangulie.
Soma swali, pigia mstari neno zito,
ukae mlangoni pake kama mdai.
Jibu la nne likikupita, liache liende zake:
anayelilia la nne hukosa la tano na la sita.
Na ile herufi ndogo ya wingi, mwishoni mwa neno,
nyembamba kama pumzi ya pancha,
isikie. Nusu ya Moga imebaki Moga kwa ajili yake.

Kusoma, usisome.
Nasema kweli. Makala matatu, dakika sitini, maswali arobaini:
moja la nyuki, moja la barafu, moja la historia ya kioo.
Usiwapende nyuki. Harjap aliwapenda,
akawasoma mpaka mwisho kwa raha zake,
sasa anauza mbolea dukani kwa mjomba wake.
Tafuta jina, tafuta mwaka, chukua chako, toka.

Kisha kuna yale majibu matatu:
Kweli, Si Kweli, Haikutajwa.
Hapo wengi huanguka kwa sababu wana akili.
Wanajaza wenyewe. Usijaze.
Ukisoma kwamba baba aliuza ekari mbili
na ada ikalipwa kesho yake,
kisha swali likauliza: Je, baba alilala usiku huo?
Haikutajwa.
Je, ile familia ya Jagraon,
itakayolipa tiketi, karo na visa
mradi tu bibi harusi alete sita na nusu,
imewahi kumuuliza anapenda kula nini?
Haikutajwa.

Insha: maneno mia mbili na hamsini.
Upande huu, upande ule, hitimisho.
Hawataki ukweli, wanataka viungo:
hata hivyo, kwa upande mwingine, licha ya hayo.
Nimefundisha "licha ya hayo" miaka kumi na tisa
chini ya feni hii hii.

Unauliza mimi nilipata ngapi.
Nane na nusu. Cheti kimo kwenye droo, pamoja na chaki.
Cheti huishi miaka miwili;
changu kilikufa nikimuuguza mama.
Fungua ukurasa unaofuata.

Kuzungumza. Mtahini atakupa kadi na dakika moja ya kujiandaa.
Usikariri majibu yangu, ameshayasikia kwa wasichana mia.
Usiiache "ndiyo" ikae uchi: ivishe "kwa sababu".
Ukikwama usinyamaze; sema, "Hilo ni swali zuri,"
useme polepole, kama anayemenya chungwa.
Kudanganya ruksa. Hapimi maisha yako,
anapima sentensi.

Ila jana, kwenye zoezi, kadi ilisema:
Eleza nyumba unayoifahamu vizuri.
Ukaeleza ya kwenu: ua, pampu ya maji,
nyati wa maziwa mwenye pembe moja,
bibi anayechambua dengu huku akigombana na redio.
Dakika mbili bila kusita, viungo vyote mahali pake,
na kila kitenzi ukakipa wakati uliopita.
Palikuwa na ua. Tulikuwa na nyati.
Bibi alikuwa akicheka.

Nikainua kalamu nyekundu.
Nyumba ipo, Navreet. Ulitoka humo asubuhi,
jioni ukarudi ukala.
Kosa la nyakati; nusu alama.
Kalamu ikakaa hewani
mpaka kengele ya dakika mbili ikalia.

Sikuandika kitu.
Beba penseli mbili, na kitambulisho.
Basi la saa kumi na moja alfajiri halimngoji mtu.