Mfa Maji

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa.
Nadhani walikuwa wamekaa nchi kavu,
wakitazama kwa mbali.

Mimi nimekaa juu ya kiti cha mbao, Raskazone,
ngazi yake ya tatu imelegea,
na ninakuambia: anayetapatapa anacheza.
Anayepiga kelele "nakufa!" bado ana pumzi ya kelele.
Mfa maji hana sauti. Husimama wima
kama anayepanda ngazi isiyokuwepo,
kinywa usawa wa maji, macho ya kioo,
na nduguze, hatua nne kando, wanapigana picha.

Idi pili. Bamvua. Maji yamefika kwenye saruji.
Nahesabu vichwa: arobaini na viwili.
Bi Mwanahawa wa mabumunda anauliza kama nimekula;
namjibu bila kugeuza shingo.
Adabu ya kazi hii ni kukosa adabu,
kutomtazama usoni anayekusalimia.
Simu yangu imo ndooni, imezimwa.
Kijana wa kaptura nyekundu ananiita mrembo.
Arobaini na viwili.
Arobaini na viwili.
Arobaini na kimoja.

Kipenga, kimoja, kirefu.
Shekalaghe anakuja mbio kushika kiti,
maana kiti hakikai kitupu hata dunia ipinduke.
Boya kwanza, mkono baadaye:
ukimpa mkono atakukwea kama mnazi
na mtazikwa wawili.

Fulana ya njano. Miaka tisa, labda kumi.
Nilimshika kwa nyuma, chini ya kwapa,
nikamgeuza uso uangalie mbingu.
Pwani alikohoa, akatapika maji na pilau,
akalia.
Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Mama yake akamzaba kofi, akamkumbatia,
kisha akanifumbatisha noti ya elfu kumi iliyolowa jasho.
Nikairudisha. Nikamwambia ampeleke Bombo, sasa hivi,
maji ya mapafuni hujua kungoja usiku.
Aliniangalia kama niliyemtukana.

Daftari: saa tisa na dakika kumi. Mvulana. Anapumua.
Hakuna safu ya kuandika
magoti yalivyokataa kunibeba.

Nikapanda tena. Ngazi ya tatu ikalia.
Vichwa arobaini na kimoja.
Moyo ukaruka, nikakumbuka: mmoja yuko hospitali.
Hata hivyo nilihesabu mara tatu
kabla ya kuikubali ile hesabu.