Mazoezi ya Mayowe

Safari ni Jumatatu. Leo Jumamosi, Maweni,
shangazi Mbeyu kasukuma meza, kakunja mkeka,
kanidaka kifundo cha mkono: "Haya, jitoe."
Navuta. Hatoki mtu.
"Usishindane na kiganja. Penye kidole gumba
ndipo penye mlango. Pindua, chomoka."
Mara ya nne nikachomoka, nikagonga kabati,
vikombe vya wageni vikalia.

Aliuza vitenge Gikomba miaka sita.
Anajua pesa hugawanywa: za nauli mkononi,
za chakula mfukoni, nyingine ndani ya sidiria,
"na hizo usizihesabu hata kwa macho."
Anajua simu haipokelewi dirishani.
Lile kovu la shingoni hajawahi kunisimulia.

"Sasa piga mayowe."
Nikaona haya. Nikatoa sauti ya kuazima chumvi.
"Basi mwizi atakupa chumvi! Toa ya tumboni!"

Nikapiga.

Sijafumba mdomo, mama Sidi yu mlangoni,
mwiko ungali na ugali;
Kahindi wa baiskeli na pampu yake;
hata mzee Bwanaheri, tusiyesemezana naye
tangu kesi ya ukuta,
kaja kifua wazi, kiatu kimoja.
Tulicheka hadi machozi. Wakanywa chai. Bwanaheri akaongezwa.

Usiku, nikishona mfuko wa siri, nikauliza:
"Na huko ghorofani, nikipiga vile,
nani ataacha sufuria yake iungue?"

Shangazi akazima taa.
Gizani akanidaka kifundo.
"Jitoe."