Kabla Chai Haijachemka

Sikuanza kwa kishindo.
Wenye kishindo nimewaona: Kerubo wa nambari saba
alisafisha nyumba nzima Jumamosi moja ya Januari,
akapanga magunia kwenye ngazi hadi mlinzi akanung'unika,
na kufikia Pasaka magunia yalikuwa yamerudi
kwa majina mengine.

Mimi nilianza na kifuniko.
Kifuniko cha sufuria iliyotoboka
tangu tulipokuwa tukiishi Jericho,
kikahama nasi hadi Umoja, ghorofa ya tatu,
kama jamaa asiye na kwao.
Niliteleka chai. Nikakitazama.
Maziwa hayajapanda, nikakiweka nje ya mlango.
Moyo ulinidunda, nasema kweli,
kwa kifuniko.

Ikawa sheria, haikuandikwa popote:
chai ikichemka, kitu kimoja kiwe kimetoka.
Kimoja. Siku ya viwili ndiyo siku ya kuchoka.

Jumatatu, chaja ya simu iliyoibwa Muthurwa.
Jumanne, kalenda ya buchari, ya mwaka wa ukame,
tarehe zake zote zimeshalipwa.
Jumatano gesi iliisha; nikanywa maji, hakikutoka kitu.
Alhamisi, funguo tano zisizojua kufuli lolote.
Kisha mikebe ya siagi, kumi na minne, wiki mbili kamili.
Mmoja niliutikisa nikidhani ni maharagwe,
kumbe vifungo vya sare ya Mumo,
Mumo ambaye sasa ana ndevu na deni la benki.
Nikaurudisha juu ya kabati.
Haikuwa siku ya vifungo.

Haba na haba hujaza kibaba, tuliimbiwa.
Hakuna aliyeniambia kwamba kibaba kikijaa
mkono hauachi kumimina,
hadi mwenye vitu anapita ubavu ubavu
kutoka kitandani kwenda jikoni,
akiviomba vitu vyake njia.

Barasa wa mkokoteni hupita Jumamosi:
chuma, betri, redio mbovu!
"Mama, leo ni kijiko tu?"
"Ni kijiko tu."
Alicheka mwezi mzima.
Mwezi wa tatu alianza kunigongea.

Ugumu ulikuwa droo ya chini,
vile vitabu vya mazishi.
Unavijua: karatasi ya kung'aa, picha mbele,
mwaka wa kuja, mwaka wa kwenda,
ratiba, na nyimbo mbili ambazo sote tunazijua.
Thelathini na mmoja wamelaliana humo.
Nani hutupa uso?
Siku hiyo chai ilipanda, ikamwagika, ikazima moto,
nami bado nimechuchumaa.

Mwishowe niliwasoma. Mmoja kila asubuhi,
kwa sauti, jina na kijiji,
mpaka pale walipoandika "alipenda utani",
kisha nikawashia jiko la makaa pale baraza.
Maharagwe ya Agosti yaliiva kwa Syombua,
kwa Mzee Ndunda, kwa dereva mmoja wa Voi
ambaye hata sikumbuki nilimjulia wapi.
Wa mama sikuusoma.
Wa mama uko palepale, na droo yote ni yake.

Juzi nikafika dirishani.
Miaka minne sikuwa nimeligusa.
Nikalisukuma; likalia, likakubali.
Kumbe Kerubo hupika akipiga mluzi.
Kumbe nyuma ya tangi la maji
kuna mtu amepanda sukuma kwenye gunia.

Mumo alipokuja akasimama mlangoni,
akautazama ule mraba mtupu wa sakafu,
wekundu wake haujakanyagwa.
"Hapa tutaweka nini?"
Nikamwambia akae.
Tukanywa chai pale chini, miguu tumeinyoosha,
yeye akilalamika kwamba saruji ni baridi.

Vifungo bado ninavyo.
Asubuhi bado zipo.