Zamu ya Kufua, Alhamisi Saa Moja

Jina langu limo ubaoni, mlangoni pa chumba cha kufulia:
Gunvor, Alhamisi, saa moja jioni hadi saa tatu.
Miaka thelathini na mmoja ufunguo wangu unaning'inia
kwenye msumari ule ule,
na katika mji huu wa Norrköping
mtu anaweza kukuibia mume ukamsamehe.
Zamu ya kufua, hapana.

Nikashuka ngazi na tenga la shuka.
Mlango wazi. Juu ya mashine ya kukaushia, kinanda cha umeme
rangi ya supu ya nyanya.
Nyaya zimetambaa sakafuni kama mizizi iliyokosa udongo,
na Tuva wa ghorofa ya tatu, fulana ya mistari,
nywele kazikata usawa wa nyusi
sawasawa na nilivyozikata zangu mwaka sitini na sita
kwa mkasi wa kiwandani, mama akanizaba kofi.

"Samahani, Gunvor. Vigae vya humu vina mwangwi.
Mwangwi wa zamani. Hauuzwi dukani."

Mwangwi wa zamani!
Nilitaka kucheka, nikashindwa, nikakaa juu ya ndoo.

Wakapiga. Ossian ngoma, Elvira besi,
na kijana mmoja mrefu, Jorma, mpiga gitaa,
anayevitazama viatu vyake kana kwamba anavidai.
Gitaa likalia kama sarafu zinazomwagika kwenye sinia la bati.
Tari nyuma yake, chwa, chwa,
na sauti ya Tuva juu yao, nyembamba, imelowa,
ikimwimba mvulana mwenye pikipiki,
sigara moja ya watu wawili darajani,
kiangazi kisichoisha.

Nikawaambia: kiliisha.
Kila mwaka kiliisha, hata Agosti haijafika nusu.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa na mashine ishirini za kusokota,
na sikio hili la kushoto nililiacha kule kule,
limejaa pamba.
Tulicheza Jumamosi kwa sababu Jumatatu ilikuwa inatungoja.
Hilo mbona hamkulitia?

Kimya. Bomba likadondosha tone.
Jorma akainua macho, mara ya kwanza:
"Zilikuwa na mwendo gani, hizo mashine?"

Nikampigia kwa vidole, kwenye ndoo.
Ta-taka-ta, ta-taka-ta,
na pale uzi unapokatika, pumzi moja,
halafu ta.
Ossian akaudaka mdundo. Elvira akaingia chini yake taratibu
kama mtu anayeingia kwenye maji baridi,
na kitu ambacho sikukiita kikanipanda mgongoni.
Haikuwa zamani ile. Zamani ile haikuwa na kinanda chekundu,
wala muda wa kurudia wimbo mara kumi na nne.
Lakini zilifanana kama binamu:
pua ile ile, macho ya mtu mwingine.

Kisha mwangwi ukazidi, ngoma zikagombana na vigae.
Tukatundika shuka zangu kambani, zote saba,
chafu hivyo hivyo, kumzunguka Ossian,
na sauti ikatulia, ikakaa kitako.

Santuri imenifikia Machi, ndani ya bahasha ngumu.
Jaladani wamesimama wanne mbele ya mashine, hawacheki.
Wanadhani ndivyo tulivyokuwa.
Sisi hatukucheka kwa sababu ya meno.
Nyuma kabisa, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi:
Shuka, Gunvor Hällqvist.

Upande wa pili, wimbo wa tatu ukishaisha,
tegeni masikio, nyinyi mlio nayo mawili:
kuna mtu anakohoa, halafu anasema,
"Saa tatu kasoro dakika tano."
Ni mimi huyo.
Nilikuwa bado nataka kufua.