Alama Moja

Julai, na baridi ya Kariobangi Kusini
inapenya soksi mbili.
Madaftari sitini na moja mezani.
La Mwanaesha Shekue ni la arubaini na tatu,
limevishwa gazeti la mwaka jana,
lanukia vitunguu na mafuta ya taa.

Insha: Siku Niliyochelewa Kurudi Nyumbani.
Sentensi ya tatu:
"Kulikuwa na utusitusi, sikuuona uso wake."
Kalamu yangu nyekundu haikungoja niitume.
Ikalikata neno kwa mkwaju mmoja,
ikaandika juu yake: giza.
Kisha pembeni: Usibuni maneno.
Ishirini na saba kwa arubaini.

Ndipo stima ikapotea.
Ploti nzima ikaguna kwa pamoja.
Sikuamka kutafuta mshumaa.
Mwanga uliobaki ulikuwa umekwama
juu ya matangi ya maji, ng'ambo ya dirisha,
ukaniachia sufuria isiyo na rangi,
kikombe kisicho na mkono,
na mkono wangu mwenyewe
nikaujua kwa kuusogeza tu.

Hili halikuwa giza.
Giza nalifahamu, nimekulia Kangema,
usiku wa kule hauachi hata ukingo wa jani.
Hili lilikuwa jambo jingine,
nami, mwalimu wa Kiswahili
miaka ishirini na mitatu,
sikuwa na jina lake.

Nikafungua kamusi kwa tochi ya simu.
Utupu.
Uturi.
Utusitusi.
Lilikaa pale limetulia, maana yake ubavuni,
kama mgeni aliyebisha hodi mchana kutwa
na hana kinyongo.

Mimi huyu
niliyefika chuoni nikikura ugali na kupiga kula,
darasa likicheka hadi mkufunzi akaficha uso.
Usiku nilijifungia bafuni,
ulimi ukigonga ufizi: lala, rara, lala,
hadi wenzangu wakadhani nabembeleza mtoto.
Nilipomaliza kuusomesha ulimi
nikadhani nimemaliza kusoma.

Ni mikwaju mingapi tangu hapo?
Yuko Achoki, wa mwaka ule wa mafuriko,
aliyeandika kwamba mvua iliwanyemelea wamelala.
Nikamwambia mbele ya wote: mvua hainyemelei, hunyesha.
Leo anachomelea mageti kando ya barabara,
hunipungia mkono wenye glavu,
"Mwalimu Gathoni! Bado uko?"
Bado niko.
Sijui kama yeye bado anaandika chochote.

Asubuhi, kabla ya gwaride, nikamwita Mwanaesha.
Hotuba nilikuwa nayo, nimeipanga tangu alfajiri
nikipiga pasi sketi.
Ikanikauka kooni.
"Neno hili ulilitoa wapi?"
"Kwa nyanya. Ndiyo saa yake ya kutuita ndani.
Husema, utusitusi ukiingia
kamba na nyoka ni ndugu."
Nikamwomba alitamke tena.
Akalitamka polepole, silabi kwa silabi,
midomo yake ikiingoja yangu,
vile vile ninavyowangoja mimi
watoto wa gredi ya kwanza.

Kufuta wino mwekundu kwa wino mwekundu
ni kuongeza kidonda.
Nikaazima penseli yake, fupi, iliyotafunwa kichwa,
nikaandika chini ya ukurasa:
Neno ni sahihi. Mwalimu alikuwa hajalisoma.

Alisoma. Akasoma tena.
Nilisubiri uso wake useme kitu,
kicheko, huruma, ushindi, chochote.
Akageuza daftari, akaweka kidole
pale juu, penye duara.

"Kwa hivyo, mwalimu,
sasa ni ishirini na nane?"

Kengele ikalia.
Nilikuwa bado napapasa mfukoni
nikitafuta kalamu.