Mpigo

Usiku wa tatu Guraya haina stima.
Betri asilimia thelathini na moja,
nami nasoma msimbo wa mtu nisiyemjua
aliyeandika namna prosesa inavyolala.

Si kuzimika. Kulala kuna ngazi.
Ya kwanza ni kusinzia: jicho limefumbwa, sikio li macho,
ukiita tu, labeka.
Ya chini kabisa ni kuzama,
kumbukumbu za karibu zimekunjwa zikawekwa kando,
moto umebaki wa kuwashia sigara.
Lakini kupanda kutoka huko kuna gharama,
na aliyezama kisha akaitwa upesi
hupata hasara kuliko aliyekesha.

Basi kiini cha mfumo hukisia.
Hutazama vimya vinane vilivyopita,
hujiuliza hiki cha sasa kitadumu kiasi gani.
Hakuna wa kukijibu.

Chumba cha pili alikuwa mamangu.
Tangu avunjike nyonga kwenye ngazi za kina Mwanamkuu
aliita saa sita, saa saba na robo,
kisha kimya, kisha mara mbili kwa mpigo.
Maji. Mto. Choo. Au "Tima" tu,
na nikifika hana alitakalo.
Nikajifunza usingizi wa mang'amung'amu,
mguu mmoja nje ya kitanda, kanga kiunoni.
Rukiya akasema kwa simu kutoka Mtwapa:
lala, we nawe, ukiitwa utasikia.
Rukiya hajawahi kupiga hesabu ya ngazi ya chini.

Mwezi huohuo nilikuwa natafuta kosa.
Visanduku vya kupima unyevu, ghala la chai, Shimanzi:
betri ya miezi mitatu ikiisha kwa siku tisa,
na hakuna kilichokuwa kikifanyika ndani yake.
Nilipekua usiku baada ya usiku.
Kumbe ni saa. Mara mia kila sekunde
iligonga mlango wa prosesa:
kuna kazi? Hakuna. Rudi ulale.
Kuna kazi? Hakuna.
Kisichofanya lolote kikafa kwa uchovu.

Niliufuta mpigo ule, mistari kumi na minne.
Sasa visanduku vinalala hadi chai yenyewe iviguse.
Mteja alilipa nusu. Nusu, akasema, Jumatatu.
Hakutaja ipi.

Mama ameondoka Ijumaa kwenda kwa Rukiya,
na fimbo yake, akinisuta kwamba nimekonda.
Nikatandika shuka mpya, nikazima simu.
Saa sita, macho.
Saa saba na robo miguu iko sakafuni,
kanga kiunoni, mkono kwenye kitasa cha chumba chake.

Kuna kazi?

Kitanda kimetandikwa. Bilauri imefunikwa kisahani.
Nikaketi ukingoni, upande aliokuwa halalii,
hadi muuza mahamri alipoanza kukuna nazi,
na stima ikarudi, na friji ikashtuka jikoni
kama aliyesikia jina lake.